Jembe Lililooshwa kwa Jiki

Mwanaume aliyenifutia saa zangu za kazi aligeuka kuwa mwanafunzi wa chuo chetu, na kazi ya kuhesabu saa zake ikaangukia mezani kwangu. Sikuwahi kuliombea jambo hilo kanisani, maana kuna mambo mtu huona haya kumwambia Mungu. Lakini siku nilipoliona jina lake kwenye orodha ya wanafunzi walioomba kazi, nilifunga mlango wa ofisi nikacheka peke yangu hadi machozi yakanitoka. Kisha nikajifuta, nikafungua mlango, nikaendelea kugonga mihuri.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, kwa sababu wengi wakisikia mratibu wa kazi za wanafunzi hudhani ni mtu wa kupanga matamasha. Chuo chetu kiko juu ya kilima huku Karagwe, na kina shamba la migomba na kahawa linaloteremka mpaka bondeni. Mwanafunzi asiye na mkopo wala mfadhili hupewa kazi shambani, jikoni au maktaba, na saa anazofanya ndizo zinazompa kitanda na chakula. Saa zisipotimia hapati saini yangu, na bila saini yangu haingii chumba cha mtihani. Kalamu yangu ni ya kawaida tu, ya bluu, lakini kuna watu wanaiota usingizini. Wananiamkia kutoka mbali, hata wale ambao nyumbani kwao hawamwamkii mtu.

Ujanja wao naujua wote. Yuko anayechukua jembe asubuhi, analifukia kwenye majani makavu ya migomba, anarudi bwenini kulala, halafu jioni analifukua na kuja nalo akiwa amejipaka udongo magotini. Huyo nilimwambia anyooshe vidole. Goti kila mtu hukumbuka kulipaka, kucha hakuna anayezikumbuka. Yuko pia anayemtuma mwenzake arudishe majembe mawili na kusema fulani amepitia chooni, na chooni humo hukaa wiki nzima.

Wakati mmoja wakubwa wetu walituletea mfumo wa kisasa: mwanafunzi anajisajili kwa simu anapoanza kazi na anapomaliza. Mtandao ulikuwa haushuki ule mteremko. Ulikuwa unapatikana karibu na kanisa la chuo tu, kwa hiyo wanafunzi wote wakawa wanaanza kazi kanisani na kumaliza kazi kanisani, na katikati yake Mungu ndiye aliyejua walikuwa wapi. Mchungaji alifurahi sana kuona vijana wamejaa vile. Mwisho wake mfumo uliachwa ukafa kimya kimya, tukarudi kwenye utaratibu wa zamani wa majembe, ambao uliwekwa na yeye, yule mwanaume ninayemsema.

Utaratibu wake ulikuwa hivi. Migomba yetu huku ina adui mkubwa, mnyauko. Mgomba ukishapata mnyauko unanyauka kama umemwagiwa maji ya moto, na ugonjwa unasafiri kwa panga na jembe lisilooshwa, kutoka kibanja kimoja cha migomba hadi kingine, hadi mji mzima unabaki na visiki. Kwa hiyo yeye, alipokuwa msimamizi wa shamba, aliweka pipa la maji yenye jiki mlangoni mwa stoo. Saa zako zilianza jembe lilipotoka stoo, na ziliisha jembe liliporudi likiwa limeoshwa kwenye lile pipa mbele ya macho yake. Jembe likiachwa shambani, saa za siku hiyo hazikuhesabiwa. Likiachwa shambani mpaka likalala huko, alifuta muhula mzima. Sikatai, ulikuwa utaratibu mzuri, na shamba letu lilibaki kijani wakati vibanja vya majirani vilikuwa vinakatwa. Ndiyo maana nilipopewa madaraka sikubadilisha hata neno moja.

Mimi mwenyewe nilipita chini ya utaratibu huo. Nilikuja chuoni nikitokea Nyakasimbi, mtoto wa kulelewa na bibi ingawa mama alikuwepo, na nilipangiwa shambani kwa sababu nilikuwa na mikono ya shambani. Msimamizi wakati huo alikuwa mtu wa makamo, mrefu, anavaa koti la mvua hata jua likiwaka. Alikuwa ametokea Ihembe, Mnyambo kama mimi, na tukiwa wawili nilikuwa namsalimia kwa Kinyambo, naye ananijibu kwa Kiswahili ili nijue kwamba kazini hakuna undugu. Hilo halikuniuma. Nilikuwa nafanya kazi vizuri na sikuhitaji undugu wake.

Sasa, kuna desturi moja ambayo lazima niieleze, vinginevyo hakuna kitakachoeleweka. Kwetu, ukiwa shambani ukaletewa habari kwamba umefiwa, jembe unaliacha pale pale lilipo. Huliinui tena, huligeuzi, hulisogezi kando hata kama limelala njiani. Unakwenda nyumbani na udongo wako mikononi, na udongo huo hunawi mpaka umefika ukamlilia mtu wako. Waliokuwa wanalima pamoja nawe nao huyaacha majembe yao. Baada ya mazishi, mtu mwingine ndiye huenda kuyachukua. Bibi alinieleza sababu yake nikiwa mdogo, tukipalilia maharage: anayeinua jembe akishasikia habari ya kifo, ni kama ameanza kuchimba kaburi la mtu wake kabla hata hajamwona. Siku hizi wapo wasiofuata. Kwetu walifuata, na Ihembe walifuata vilevile, tena sana.

Habari ya bibi ilinikuta nikiwa kwenye maharage ya chuo, chini kabisa karibu na bonde. Jirani yetu alikuja na pikipiki mpaka ukingoni mwa shamba, akavua kofia, na kabla hajasema chochote nilishajua. Jembe lilinitoka mkononi. Nilipanda ile pikipiki na udongo ukiwa mpaka viwikoni, na njia nzima sikuushika mgongo wa yule jirani, nilijishikilia kwa magoti, ili udongo ule usifutike. Nilifika, wakanipisha, nikamshika bibi uso kwa mikono ile ile ambayo yeye ndiye aliyeifundisha kulima. Sitaki kusema zaidi ya hapo.

Niliporudi chuoni baada ya matanga, nilikuta jembe langu bado limelala kwenye maharage, limeshika kutu. Msimamizi alikuwa amepita pale kila siku. Alikuwa amelipita, akaliacha, akaenda ofisini kwake kufuta saa zangu za muhula mzima. Nilimfuata stoo. Nilimwamkia, nikamweleza, na nilimweleza kwa Kinyambo ili asije akasema hakuelewa. Alinisikiliza hadi mwisho bila kuonyesha haraka. Kisha akanijibu kwa Kiswahili.

"Ungeniomba ningekuruhusu," alisema.

Ningemwomba. Na jembe mkononi, na bibi yangu amelala kitandani, nipande kilima mpaka stoo, nilioshe kwa jiki, nimwombe. Yeye aliijua desturi kuliko mimi, maana alikuwa na umri wa baba yangu. Alijua kabisa alikuwa ananidai nini. Nilitoka pale bila kuaga, na tangu siku hiyo nikawa na jambo langu na yule mtu.

Sikufanya mtihani. Nilirudi Nyakasimbi kukaa mwaka mzima, na kwetu msichana akirudi kutoka chuo katikati ya masomo watu hawaulizi habari za majembe. Wanatazama tumbo. Walilitazama langu mwaka mzima, wakisubiri likue, na lilipogoma kukua wakasema nimelitoa. Mama aliacha kwenda kwenye kikundi cha akina mama cha kanisani, akawa anasema miguu inamsumbua, na miguu yake ilikuwa mizima. Kuna mtu alikuwa ameleta barua ya posa. Wazee wake wakaja kuichukua kwa adabu nyingi, wakanywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, wakaondoka na barua yao. Hayo yote niliyaweka mahali pamoja na nikayafunika vizuri yasipate hewa.

Nilirudi, nikamaliza, nikaenda Kyerwa kufanya kazi kwenye chama cha wakulima wa kahawa. Kule nilijifunza kusimamia watu na kuandika mahudhurio yasiyopingika. Nafasi ya mratibu wa kazi za wanafunzi ilipotangazwa chuoni kwetu, wenzangu walishangaa kuona naiacha kazi nzuri ili niende kuhesabu majembe ya watoto. Niliwaambia napenda elimu. Kumbe nilikuwa nataka tu kukaa kwenye kiti ambacho yule mtu atalazimika kuniletea taarifa.

Lililoniudhi kuliko yote ni kwamba hakunikumbuka. Siku ya kwanza alinipa mkono, akanikaribisha, akaniita madamu, akanionyesha stoo na pipa la jiki na kunieleza utaratibu wake kama mtu anayemweleza mgeni. Nilimtazama usoni nikitafuta hata alama ndogo. Hakuna. Mwaka wangu mzima ulikuwa umempita kama nzi. Nadhani angenikumbuka na kuniomba radhi siku ile ningemsamehe, kwa sababu nilikuwa bado nina moyo mwepesi. Lakini mtu aliyekusahau utamsameheje? Ni kama kumsindikiza mtu ambaye hajui kama anaondoka.

Kisha chuo kikapandishwa hadhi kikawa chuo kikuu, na ukaja waraka kwamba kila anayesimamia wanafunzi lazima awe na stashahada. Yeye alikuwa na darasa la saba na kozi fupi za kilimo. Ilibidi asome au apishe wengine. Waraka ule sikuuandika mimi, lakini nilijitolea kumpelekea mwenyewe, kwa miguu, mpaka bondeni, na nilisimama pale akiusoma. Aliusoma mara mbili. Akaniuliza kama kuna njia nyingine. Nilimwambia hakuna, na nilikuwa nasema kweli, ingawa sikuwahi kuitafuta.

Akachagua kusoma. Mtu mzima yule, mwenye wajukuu, akajiunga na stashahada ya kilimo kwenye chuo kile kile, akawa anakaa dawati la nyuma na kuazima kalamu kwa vijana. Na kwa kuwa hakuwa na wa kumfadhili, akaomba kazi ya mwanafunzi. Nikampangia shambani.

Watu wanaodhani kisasi ni matusi na kelele hawajawahi kukifanya. Mimi nilikuwa namwamkia kila asubuhi. Alikuwa mkubwa kwangu, na adabu ni adabu, kwa hiyo nilisimama mbele ya mstari wa wanafunzi, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo baba, na alipojibu marahaba madamu, nikampa jembe lake na kumpeleka kwenye ploti ya chini kabisa, ile ya karibu na bonde. Kupanda tena kilima kutoka kule kunamtoa jasho hata kijana. Vijana walicheka mwanzoni. Baadaye wakaacha kucheka na kuanza kumbebea maji, nikawakataza, nikasema kila mtu afanye saa zake.

Sikumwonea hata mara moja. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu nilijihadhari sana. Kila nilichomfanyia kilikuwa kwenye utaratibu wake mwenyewe. Mara moja alimpeleka mama yake hospitali, mama mzee sana aliyekuwa akiishi naye Ihembe, na katika haraka zake akarudisha jembe bila kulipitisha kwenye pipa. Nilifuta saa zake za siku hiyo. Alikuja ofisini, akavua kofia, akanieleza. Nilimsikiliza hadi mwisho bila haraka. Nilimwambia namhurumia sana, lakini amebakiza saa chache za kucheza nazo, na jembe lingine likikosea njia, muhula wote unakwenda. "Utaratibu ni wako, baba," nikamwambia. Aliinamisha kichwa akasema ni kweli, ni wake. Hata hapo hakunikumbuka.

Mitihani ilikuwa imekaribia siku niliyoshuka bondeni kuwakagua. Nilikuwa nashuka mara nyingi kuliko ilivyohitajika, nakubali, na wakati mwingine nilikaa tu juu ya kisiki nikimtazama akilima. Siku hiyo alikuwa na vijana watatu, mmoja wao binti wa Ihembe, jirani yake wa mpakani kabisa. Walikuwa wanapalilia maharage. Simu yake ikaita mfukoni, na mtandao ambao haujawahi kushuka bondeni kwa ajili ya mfumo wetu wa kisasa, siku hiyo ukashuka.

Alisikiliza. Alisema "Ee" mara moja, kwa sauti ya chini. Alirudisha simu mfukoni kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ulikuwa bado umeshika jembe.

Binti wa Ihembe alielewa kabla yangu. Alimwuliza kwa Kinyambo kama ni mama, naye akaitikia kwa kichwa. Hapo hapo yule binti aliliachia jembe lake likaanguka kwenye maharage. Vijana wengine wawili, mmoja wa Nyaishozi na mwingine sijui wa wapi, wakaachia ya kwao. Binti akaanza kulia. Akabaki yule mwanaume peke yake amesimama na jembe mkononi, akinitazama mimi.

Nilijua anafikiria nini, kwa sababu mimi nililifikiria hilo mwaka mzima Nyakasimbi. Alikuwa anafikiria pipa. Alikuwa anafikiria muhula, mtihani, stashahada, na kazi aliyoifanya maisha yake yote. Na alikuwa anafikiria mama yake. Macho yake yalikuwa yananiuliza, lakini mdomo wake haukusema neno, na mimi nilikuwa nausubiri mdomo.

Niliwageukia wale vijana.

"Yaacheni hapo hapo yalipo," niliwaambia. "Nendeni mkawasaidie msibani. Saa zenu za leo zinahesabiwa."

Niliwaambia wao. Kwake sikusema chochote, wala sikumzuia kusikia. Nilimpa nafasi ndefu kabisa ya kufungua mdomo. Upepo ulipita kwenye migomba, binti akalia, na yeye akalitazama jembe lake, kisha akaliweka begani, akaanza kupanda kilima.

Nilipanda nyuma yake. Hakugeuka njia nzima, na nilikuwa namwona shingoni jinsi anavyohema. Vijana walitufuata kwa mbali, na niliwasikia wamenyamaza ghafla walipoona anaelekea stoo badala ya barabarani. Mlangoni alipiga magoti kwenye pipa, akatumbukiza jembe, akalisugua kwa mikono yake miwili kama alivyokuwa akitufundisha, kwanza bapa, kisha shingo ya mpini. Udongo ulitoka kwenye jembe, na ulitoka kwenye mikono yake pia, ukazama ndani ya maji yale yenye jiki. Alilitoa, akanipa.

Nililigeuza. Nililitazama vizuri kama yeye alivyozoea kuyatazama yetu.

"Huku nyuma umebaki udongo kidogo, baba," nilimwambia.

Akalichukua, akalirudisha kwenye pipa, akaliosha tena. Alipolitoa mara ya pili mikono yake ilikuwa imejikunja ngozi kwa ukali wa jiki, mieupe, haina hata chembe kwenye kucha. Nililipokea, nikaandika saa zake, nikampa pole ya msiba. Nilimaanisha ile pole. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini mama yake hakuwa amenikosea kitu. Alinishukuru, akaenda kutafuta pikipiki.

Nilikwenda mazishini. Nilipeleka mkungu mkubwa kuliko yote niliyokuwa nayo, nikaingia jikoni na wanawake wa Ihembe, tukamenya. Hatukumenya sana kabla mambo hayajaanza kusemwa. Binti alikuwa amefika kabla yangu, na kilichotokea pale kwenye pipa kilikuwa kimeshapita nyumba zote. Hawakuwa wakinisema mimi. Mimi nilikuwa mgeni aliyeleta mkungu. Walikuwa wanaulizana kwa sauti za chini kama ni kweli aliliinua jembe akishasikia, na mwanamke mmoja mzee, shangazi yake, akasema hana haja ya kuuliza mtu, kwa sababu yule mwanaume alipomshika mama yake uso, yeye mwenyewe alikuwa kando na alisikia harufu. Akasema mwanawe wa kumzaa alimlilia akinuka jiki.

Nikaendelea kumenya. Nilisikia roho ikinitulia kwa mara ya kwanza tangu nilipokuwa msichana. Mimi nilikosa mtihani, nikatazamwa tumbo, nikanyang'anywa posa, lakini bibi yangu nilimlilia kwa mikono yenye udongo wa shamba. Yeye saa zake zilitimia zote. Nilipotoka nje kumwaga maganda nilimwona ameketi upande wa wanaume, mikono ameificha chini ya koti lile lile la mvua, na wenzake wamemwachia nafasi kubwa kwenye benchi.

Kwetu watu hawamtengi mtu kwa jambo kama hilo, wala hakuna faini yake. Wanalijua tu. Na yeye alijua kwamba wanalijua.

Alifanya mtihani na akafaulu, vizuri kuliko vijana wengi, na sikushangaa, maana hakuna aliyelijua shamba kuliko yeye. Fomu yake ya kuthibitisha saa za kazi niliisaini bila kuchelewesha hata siku moja. Alikuja kuichukua mwenyewe mchana, ofisini kwangu, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi. Nilimwamkia, akaitikia. Nikampa fomu. Hakuondoka. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akawa ananitazama kama mtu anayejaribu kumkumbuka jirani wa zamani sana.

Akaniuliza nimetokea wapi. Aliniuliza kwa Kinyambo.

Nilimjibu kwa Kiswahili kwamba nimetokea Nyakasimbi.

 Niliona inavyomjia taratibu, maharage, pikipiki, jembe lililoshika kutu ambalo alilipita kila siku. Akaiweka fomu mezani. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kwa miaka, na nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kumwambia, mengine makali sana, mengine ya kumliza. Ilipofika sikuyahitaji.

"Siku ile bondeni," alisema, sasa kwa Kiswahili, "uliwaambia watoto wayaache. Mimi hukuniambia. Bojo, nakusihi, kwa nini hukuniambia niliache?"

"Ungeniomba ningekuruhusu," nilimjibu.

Aligeuza viganja vyake juu, akavitazama. Vilikuwa na udongo kidogo kwenye kucha, maana asubuhi alikuwa shambani.  Nilidhani ataniuliza kama ni kweli, kama siku ile angefungua mdomo ningemwambia aliache jembe aende kwa mama yake. Angeuliza ningelazimika kumwambia kwamba sijui, kwa sababu sijui mpaka leo. Hakuuliza. Alichukua fomu yake, akaikunja vizuri, akaniaga kwa heshima na kutoka, nami nikamwacha aondoke nalo hilo swali.